Kindi 14 kwa Bustani Moja: Hesabu ya Kulinda Okidi

Katika maduka ya kusini mwa Florida, Marekani, chungu cha okidi ya aina ya Phalaenopsis kilichochanua huuzwa kwa takriban dola 15 hadi 30. Kindi wa kijivu akikifikia hahitaji hata dakika moja: anang'ata shina la maua, matumba yanadondoka, naye keshahamia chungu cha pili. Mwenye bustani hukimbilia dukani akarudi na chupa ya dawa ya pilipili. Wiki inayofuata ananunua bundi wa plastiki, na mwezi ukiisha anatafuta mtego. Katika pilikapilika hizo ni nadra mtu kushika kalamu na kujiuliza maswali mawili: hasara yenyewe ni kiasi gani kwa mwaka, na ulinzi wake unakula kiasi gani?

Florida inafaa kwa hesabu hii. Joto lake huruhusu okidi kukaa nje karibu mwaka mzima, nyingine zikiwa kwenye vyungu, nyingine zimetundikwa au kufungwa kwenye magome ya mialoni. American Orchid Society, chama cha wapenda okidi kilichoanzishwa mwaka 1921, kina makao yake huko Coral Gables ndani ya bustani ya Fairchild. Na kindi wa kijivu ni mzaliwa wa misitu ya Florida, hakuletwa na mtu.

Bei zinazotumika hapa ni za kukadiria, zimewekwa ili mwendo wa hesabu uonekane. Msomaji aweke zake. Matokeo yataonyesha kwamba idadi ya vyungu na thamani ya saa moja ya kazi huamua mengi kuliko ukorofi wa kindi.

Dakika moja ya kindi, mwaka mmoja wa mmea

Phalaenopsis huanza kutoa shina la maua usiku unapopoa, yaani Novemba hivi kwa Florida. Maua hufunguka kati ya Februari na Aprili na yanaweza kudumu miezi 2 hadi 4. Kwa kawaida mmea hupitia mzunguko huo mara moja kwa mwaka, kwa hiyo shina likikatwa Januari, maua ya mwaka yameondoka. Ipo nafuu kidogo: shina hilo lina vifundo vyenye macho yaliyolala. Kipande kilichobaki kikiwa na vifundo viwili au vitatu, jicho moja linaweza kuamka na kutoa tawi jipya la maua baada ya miezi miwili au mitatu. Anayeng'oa masalia kwa hasira anaongeza hasara kwa mkono wake mwenyewe.

Okidi ya aina ya Cattleya haina nafuu hiyo. Maua yake hutoka kwenye kilele cha shina jipya nene, lile linalohifadhi maji, na likiharibiwa inabidi kungoja shina la msimu unaofuata. Aina nyingine, Vanda, ina hatari kubwa zaidi, kwani hukua kwa ncha moja tu ya juu. Ncha hiyo ikiliwa, mmea wenye bahati utachipua ubavuni na kuhitaji miaka 2 au 3 kurudi kwenye maua. Ikumbukwe kwamba Cattleya iliyooteshwa kwa mbegu huchukua miaka 4 hadi 7 kufikia ua la kwanza. Ukimwagilia mara 100 kwa mwaka, mmea wa miaka 5 umeshapata maji mara 500 kabla haujakuonyesha rangi yake. Bei ya dukani haihesabu kazi hiyo.

Kindi naye anatafuta nini? Njaa ya maua siyo maelezo ya kutosha. Mnyama wa nusu kilo anayekula takriban gramu 65 kwa siku hawezi kushiba matumba. Sababu ni tatu, na kila moja huacha alama yake. Ya kwanza ni kuchimba: chungu kilichojaa vipande vya magome ni mahali laini pa kufukia mbegu za mwaloni, na kindi mmoja anaweza kufukia maelfu kwa msimu. Ya pili ni kuvuta: makumbi ya nazi yanayowekwa kwenye vikapu vya okidi ni vifaa vizuri vya kiota. Ya tatu ni kung'ata. Meno yake ya mbele hukua karibu sentimita 15 kwa mwaka na lazima yasagwe. Isitoshe, msimu wa kiangazi wa Florida, Novemba hadi Aprili, huangukia palepale mashina ya maua yanapotoka yakiwa yamejaa maji. Chombo cha maji safi kikiwekwa mbali na okidi ni jaribio lisilogharimu kitu, ila lisihesabiwe kuwa ulinzi.

Sasa tuweke dhana ya hasara. Chukua bustani yenye vyungu 20 vya wastani wa dola 30 kila kimoja. Tuseme kila mwaka chungu 1 kati ya 4 hupoteza shina la maua, na 1 kati ya 10 hufa kabisa. Mashina 5 tukiyapa thamani ya dola 20 kila moja, bei ya kununua chungu kingine kilichochanua, tunapata dola 100. Mimea 2 iliyokufa ni dola 60. Jumla ni dola 160 kwa mwaka, sawa na dola 8 kwa chungu. Namba hii ya dola 8 ndiyo tutakayoipimia kila ulinzi.

Wako wangapi?

Oktoba 2018 wakazi wa New York waliojitolea waliwahesabu kindi wa kijivu wa Central Park, na makadirio yao yakawa kindi 2,373 katika bustani ya hekta 341. Hiyo ni karibu kindi 7 kwa hekta. Ukiangalia namba hiyo kwa haraka, kiwanja cha nyumba cha mita za mraba 1,000, yaani sehemu ya kumi ya hekta, hakifikishi hata kindi mmoja mzima. Hapo ndipo wengi huamua kumtega "yule mmoja".

Kosa liko kwenye kuhesabu wanyama wanaolala ndani ya ua badala ya wanaopita. Kindi hana habari na mipaka ya viwanja. Tuchukue kwamba kila mmoja huzunguka hekta 2. Kindi 7 kwa hekta mara hekta 2 ni 14: hao ndio ambao mizunguko yao inaweza kukutana juu ya chungu chako. Hata mtaa ukiwa na kindi 3 tu kwa hekta, wapitaji ni 6. Ukimwondoa mmoja kati ya 14 umepunguza asilimia 7 ya wageni, tena kwa muda, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi huvutia kijana anayetafuta makazi. Jike huzaa mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida watoto 2 hadi 4 kila mara. Wengi wao hufa kabla ya mwaka wa kwanza kuisha, lakini wanaobaki wanatosha kujaza pengo.

Kumhamisha nako si huruma kama kunavyoonekana. Utafiti uliofanyika Maryland na kuchapishwa mwaka 2004 ulifuatilia kindi wazima 38 waliotegwa mitaani na kuachiwa katika msitu mkubwa. Katika siku 88, asilimia 97 kati yao walikuwa wamekufa au wametoweka eneo hilo. Sheria za wanyamapori za Florida zinabana pia: aliyetegwa akiwa hai na kuhamishwa aachiwe ndani ya kaunti ileile, kwenye ardhi isiyopungua hekta 16 hivi na kwa ruhusa ya maandishi ya mwenye ardhi. Sumu kwa kindi ni marufuku. Mtego basi ni gharama isiyo na mwisho, kwa sababu unapambana na mtiririko wa wanyama ukiwa na kifaa cha kumshika mmoja mmoja.

Bei ya pilipili

Dawa ya pilipili ina msingi wa kweli. Kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, huwachoma mamalia, wakati ndege hawauhisi ukali huo. Kwa hiyo unaweza kunyunyizia okidi bila kuwasumbua ndege. Tatizo ni mvua. Miami hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, sehemu kubwa ikinyesha kati ya katikati ya Mei na katikati ya Oktoba. Dawa husafishwa na mvua, na siku isiyo na mvua husafishwa na maji ya kumwagilia.

Tupige hesabu ya kunyunyiza kila wiki katika wiki 22 za masika, na kila wiki mbili katika wiki 30 zilizobaki. Hiyo ni mara 22 jumlisha mara 15, jumla mara 37. Kila mara vyungu 20 vinatumia robo lita, kwa mwaka lita 9.25. Kwa dola 15 kwa lita, gharama ni dola 139. Hasara tuliyotaka kuizuia ilikuwa dola 160. Faida ya dola 21 inabaki tu kama dawa imefanya kazi kwa ukamilifu na saa za mnyunyizaji hazina bei. Dakika 20 kila mara ni saa 12 na zaidi kwa mwaka. Kwa kima cha chini cha mshahara cha Florida, kilichofika dola 14 kwa saa Septemba 2025, hizo ni dola nyingine 173. Dola 312 zimetumika kuokoa dola 160.

Pilipili ina nafasi yake kwa wiki chache: shina moja la thamani, wiki za kabla ya maonyesho, siku za kungoja wavu ufike. Bundi wa plastiki na vinyago vya kupepea havihitaji aya ndefu. Kindi huvikagua, huvizoea, kisha huendelea na shughuli zake. Kifaa cha kurusha maji kinapohisi mnyama humshtua kwa muda, ila huiacha mioyo ya Phalaenopsis ikiwa na maji yaliyotuama, na huko ndiko uozo huanzia.

Wavu wa vyungu 20

Wavu unaofaa ni wa waya uliopakwa zinki, wenye matundu ya milimita 13 na waya wa unene wa milimita 1 hivi. Wavu wa plastiki hutafunwa, na kindi hupenyeza mkono kwenye wavu wa kuku wenye matundu makubwa. Wavu huu hupitisha takriban asilimia 84 ya mwanga, jambo lisilo na madhara kwa mimea ambayo Florida hukuzwa chini ya kivuli cha asilimia 50 au zaidi.

Tujenge kibanda cha mita 2 kwa 3, urefu mita 2. Kuta zinachukua mita za mraba 20 na paa 6. Pembeni chini tunakunja sentimita 30 za wavu kuelekea nje, ulale ardhini kuzuia uchimbaji, na hizo ni mita za mraba 3 nyingine. Jumla ni 29. Roli ya mita 1.2 kwa 7.6 ina mita za mraba 9.1, hivyo roli 4 zinatosha pamoja na mapishano. Kwa dola 60 kila moja ni dola 240. Mbao zilizotiwa dawa, bawaba, skrubu na misumari ya U tuziwekee dola 250. Kazi ya siku mbili, saa 16 kwa dola 14, ni dola 224. Kibanda kimesimama kwa dola 714.

Kikidumu miaka 10 ni dola 71 kwa mwaka. Ongeza dola 15 za matengenezo na dola 12 za muda wa kufungua na kufunga mlango kila unapomwagilia. Gharama ya mwaka ni dola 98. Gawanya kwa ile dola 8 ya hasara kwa chungu: jibu ni 12.25. Kuanzia chungu cha 13, kibanda kinajilipa. Mwenye vyungu 20 anabaki na dola 62 kila mwaka, na akijaza kibanda hichohicho vyungu 60 kwa meza na vya kuning'inia, ulinzi wa kila chungu unashuka hadi dola 1.63.

Mwenye vyungu 5 asijenge. Avihamishe vyungu vyenye mashina ya maua tu, kuanzia shina linapoonekana hadi maua yanapoisha, avitie ndani ya nyumba au kwenye kibaraza kilichozungushiwa wavu. Kazi hiyo ni ya nusu saa kwa msimu.

Hesabu hii ina sehemu mbili dhaifu. Ya kwanza ni kiwango cha hasara: kindi wako wakiharibu nusu tu ya tulivyodhani, dola 8 inakuwa 4, na kibanda kinahitaji vyungu 25. Ya pili ni kutu. Karibu na bahari chumvi hula zinki haraka. Kibanda kikidumu miaka 5 badala ya 10, gharama inapanda hadi dola 170 kwa mwaka na inahitaji vyungu 22. Kabla ya kununua waya, andika kwa mwaka mmoja mashina yaliyokatwa na mimea iliyokufa. Daftari hilo lina thamani kuliko tangazo lolote la dawa.

Kikapu kimoja kimoja

Wengi huanza na njia inayoonekana nafuu zaidi: kukunja wavu kuwa kikapu kwa kila chungu. Kikapu cha kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa 60 kinatumia mita za mraba 0.64. Vikapu 20 vinatoka kwenye roli mbili, dola 120, yaani dola 12 kwa mwaka. Ukilinganisha na dola 49 kwa mwaka za vifaa vya kibanda, ushindi unaonekana wazi.

Sasa mwagilia. Kila kikapu kinavuliwa na kurudishwa kwa dakika moja, na mashina ya maua hujisokota kwenye waya ukiharakisha. Vikapu 20 mara 100 kwa mwaka ni dakika 2,000, yaani saa 33 na dakika 20. Kwa dola 14 kwa saa ni dola 467. Ongeza waya na muda wa kuvikunja, unafika dola 486 kwa mwaka, karibu mara tano ya kibanda na mara tatu ya hasara yenyewe. Tena maua uliyoyalinda unayatazama kupitia waya.

Okidi iliyofungwa juu ya mti ina njia yake: mkanda wa bati laini wenye upana wa sentimita 60, uliozungushwa shina kwa urefu wa mita 2 hivi. Mti wa kipenyo cha sentimita 40 unahitaji chini ya mita ya mraba moja ya bati. Lakini kindi huruka karibu mita 2.5 kutoka tawi hadi tawi, kwa hiyo mkanda ni wa mti uliosimama peke yake. Mialoni ikishikana matawi, fedha hiyo inunue kitu kingine.

Okidi milioni moja

Kuna kiwango ambacho wavu hauna maana kabisa. Bustani ya Fairchild ina mradi wa kurudisha okidi asilia milioni moja kwenye miti ya kusini mwa Florida. Okidi hizo zilikwanguliwa mitini na kusafirishwa kaskazini baada ya reli kufika Miami mwaka 1896. Miche huzalishwa kwenye maabara, wanafunzi wakishiriki, kisha hufungwa kwenye miti ya mitaa na shule.

Jaribu kuivika miche hiyo vikapu vyetu. Mita za mraba 0.64 mara milioni moja ni 640,000, sawa na hekta 64 za wavu, karibu mara mbili ya eneo lote la bustani ya Fairchild lenye hekta 34. Ni roli zaidi ya 70,000 na dola milioni 4.2 kabla hujamlipa mtu hata senti. Kwa ukubwa huo ulinzi pekee unaowezekana ni idadi yenyewe: unapanda mingi ukijua kwamba sehemu itaharibika.

Ukiihamishia hesabu Nairobi

Kindi wa kijivu si mkazi wa Afrika Mashariki. Katika bara hili yupo Cape Town, alikopelekwa na Cecil Rhodes. Bustani za Kenya na Tanzania zina kindi wao wa vichakani, wadogo zaidi, na wavu wa milimita 13 unawatosha. Kinachobadilisha jibu ni mshahara.

Tafuta thamani ya saa ambayo kikapu na kibanda vinagharimu sawa. Kwa namba zetu za vyungu 20, kikapu ni dola 12 za vifaa na saa 33.8 za kazi kwa mwaka, na kibanda ni dola 64 na saa 2.4. Vinakutana kwenye dola 1.66 kwa saa. Saa ikiwa na bei zaidi ya hapo, kibanda kinashinda. Ikipungua, kikapu kinashinda. Nchini Kenya kima cha chini cha mshahara kilichoanza Novemba 2024 kwa vibarua wa Nairobi, kundi linalowataja watunza bustani, ni takriban shilingi 16,113 kwa mwezi. Kwa mwezi wa saa 225 ni kama shilingi 72 kwa saa, chini ya dola 1. Vifaa vikibaki bei ileile, vikapu 20 vinagharimu karibu dola 31 kwa mwaka na kibanda dola 65. Ushauri uliokuwa kosa Miami unakuwa sahihi Nairobi kwa anayemlipa mtunza bustani. Kwa anayemwagilia mwenyewe alfajiri kabla ya kwenda kazini, inategemea anaithamini vipi saa yake.

Kwa hiyo kabla ya kuingia duka la vifaa vya ujenzi, andika namba nne: vyungu ulivyo navyo, hasara ya mwaka kwa kila chungu, miaka ambayo waya utadumu hapo ulipo, na bei ya saa ya yule atakayemwagilia. Zidisha namba mbili za kwanza. Jibu likiwa dogo kuliko gharama ya mwaka ya ulinzi unaoufikiria, kinachokulipa zaidi ni kumwachia kindi sehemu yake na kununua okidi nyingine.